Ukisikia 'bunduki', unaona mkono wa nani?

Ijumaa ya Mei 2, 2025, nilipanda 46 tao nikirudi Kawangware. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni na kama kawaida ya hiyo saa hatukuwa tunaenda popote, tulikuwa tumekaa tu ndani ya gari. Siku mbili kabla, mbunge wa Kasipul, Ong'ondo Were, alikuwa ameuawa kwa risasi kwenye Ngong Road, karibu na mzunguko wa City Mortuary. Pikipiki ilisimama kando ya gari lake, aliyebebwa akashuka, akafyatua, akapanda tena, wakapotea. Hapo si mbali na mahali tulikuwa tumekwama, kwa hivyo gari zima lilikuwa na maoni.

Jamaa mmoja wa suti, nadhani alikuwa anashuka Valley Arcade, alisema wakati umefika kila mtu mwenye kazi ya maana aruhusiwe kubeba bastola. Mbunge ana mlinzi wa serikali na bado ameuawa barabarani, sasa wewe na mimi tunalindwa na nani? Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama aliyekuwa na mfuko wa Gikomba mapajani akamgeukia, akamwuliza polepole, "Na mume wangu akilewa nayo?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Kijana wa kiti cha nyuma akasema, "Mathe, shida si mzee wako, shida ni karao." Makanga naye akadai akipewa moja tu, hata bila risasi, hakuna abiria atamwambia tena ati nauli ni ya jana. Kelele ikapanda. Halafu pale Hurlingham polisi wawili wenye bunduki wakasimamisha matatu iliyokuwa mbele yetu, na sisi wote, watu ishirini na kitu waliokuwa wanapigana kwa maneno, tukanyamaza kama kanisani. Jamaa wa suti akawa anaangalia simu yake kwa bidii. Hata haikuwa imewaka.

Nimeifikiria hiyo safari mara nyingi. Hakuna mtu ndani ya ile gari aliyekuwa anazungumza juu ya bunduki. Jamaa wa suti alikuwa anaona mkono wake mwenyewe, msafi, umeshika bastola na umeokoa familia. Mama alikuwa anaona mkono wa mume wake. Kijana wa nyuma alikuwa anaona mkono wa polisi. Walibishana kutoka Valley Road hadi Yaya wakidhani wanajadili kitu kimoja, na kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani. Mimi naamini hapo ndipo maoni yetu yote juu ya silaha yanatoka. Sheria tunaikumbuka baadaye, takwimu baadaye zaidi.

Na si ati sheria haipo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iko tangu zamani, na iko wazi kwamba bunduki Kenya si haki yako, ni ruhusa unayoomba. Unaeleza kwa nini unaitaka, unachunguzwa rekodi na akili, unapewa au unanyimwa. Katiba yetu haina kifungu kama kile cha Wamarekani wanachopigania kila siku. (Kuna wasee wa hapa hapa Nairobi ambao hubishana mtandaoni kuhusu Katiba ya Marekani kana kwamba wana kura Texas. Tulieni.) Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kuwa mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000 mikononi, na zilizoandikishwa zilikuwa 8,136 pekee. Yaani kwa kila bunduki yenye karatasi, kuna karibu tisini zisizo na karatasi. Ni nambari ya kutisha. Lakini ukiisoma kwa sauti ndani ya 46, niamini, hakuna mtu atabadilisha kiti.

Kitu kinachobadilisha watu ni kile walichokiona. Chukua Westgate. Septemba 21, 2013 nilikuwa mtoto wa miaka 13, nimesimama mlangoni mwa kinyozi kwa sababu huko ndiko kulikuwa na TV. Watu 67 waliuawa kwenye ile maduka pale Westlands. Na katika ile hofu yote, picha iliyobaki kichwani mwa wengi ni ya Abdul Haji, mtu aliyekuwa raia tu wakati huo, ameenda na bastola yake ya leseni kwa sababu ndugu yake alikuwa amenaswa ndani. Mtoto msichana anakimbia kuelekea kwake na yeye amenyoosha mkono. Wananchi wengine wenye leseni waliingia pia, vikosi vya serikali vikiwa bado vinapangana nani ni mkubwa wa nani. Pale kinyozi hakuna aliyeuliza kama raia wanafaa kuwa na silaha. Tulikuwa tumeipenda hiyo bastola. Mzee aliyekuwa ananyolewa alisimama na povu kichwani akapiga makofi.

Sasa sogea kilomita chache na miaka michache. Januari 2020, klabu moja Kilimani, DJ kijana anapigwa risasi shingoni akiwa kazini, na kamera ya klabu inanasa kila kitu. Ilikuwa bastola ya leseni pia, kama ile ya Westlands. Ile video ilifika kwa simu zetu, na watu wale wale walioabudu picha ya Westgate wakaanza kuandika kwamba leseni zote zifutwe, kwamba bastola ni mchezo wa watu wenye pesa kwenye meza za pombe. Hatukuona kama tumejigeuza. Na kwa kweli hatukuwa tumejigeuza, ni mkono tu uliokuwa umebadilika.

Hata serikali huyumba hivyo hivyo. Desemba 2018, waziri Fred Matiang'i aliamuru wote wenye leseni wahakikiwe upya ndani ya siku 90, kwa sababu kulikuwa na silaha mikononi mwa watu ambao hawangefaa kupewa hata wembe. Watu wengi walifurahi. Kabla hata mwezi haujaisha, Januari 15, 2019, magaidi wakavamia DusitD2 pale Riverside, watu 21 wakauawa, na kati ya waliokimbilia huko kusaidia walikuwemo tena raia wenye bastola zao, wengine wao wale wale wa Westgate. Wiki hiyo hakuna aliyetaka kusikia neno uhakiki.

Mtu aliyenifungua macho zaidi kwa haya mambo ni soja wa geti moja Lavington. Mimi hupata vibarua vya kupiga picha nyumba za kukodishwa kwa siku, na mara nyingi mwenye ufunguo anachelewa, kwa hivyo mimi na huyo mzee huwa tunaketi kwenye kibanda chake tukinywa chai ya thermos. Silaha zake ni rungu, tochi na kile kioo cha kuangalia chini ya magari. Anatoka Baringo. Kule nyumbani, kabla hajakuja kufungulia watu geti, alikuwa polisi wa akiba, serikali ilimpa bunduki, baadaye ikaichukua.

Nikamwuliza swali la kijana wa mjini: mzee, kwa nini watu wa huko wanapenda bunduki hivyo? Serikali ilitoa makataa Februari 2023 wazisalimishe, ikatuma jeshi kaunti sita, na bado.

Akaniangalia kwa huruma. "Kijana wangu, wewe unapenda kufuli?"

Nikasema hapana.

"Na keja yako ina kufuli?"

Inayo, mbili.

"Basi. Hakuna mtu anapenda bunduki. Ukiitoa wewe leo na jirani aitoe kesho, hiyo kesho huna ng'ombe."

Halafu akaelekeza kidole kwenye nyumba zilizo nyuma yake. "Hawa wa huku ndani wako nazo. Mimi na rungu ndio nawalinda." Hilo lilimchekesha sana, akarudia mara mbili.

Ile hesabu ya kufuli ndiyo hesabu ya jamaa wa suti pia. Tofauti ni kwamba mmoja tunamwita mhalifu wa bonde na mwingine tunamwita mwananchi anayejilinda, na anapewa kadi. Serikali imechoma bunduki haramu pale Ngong mbele ya kamera, 5,250 mwaka wa 2016, 5,144 mwaka wa 2021, na moshi ulionekana vizuri kwenye habari za saa moja. Lakini kama mtu bado anaamini kwamba usiku akipiga simu hakuna atakayekuja, unaweza kuchoma mlima mzima. Ataenda kutafuta nyingine.

Sasa nije kwangu, maana ni rahisi sana kuchambua watu wa matatu.

Mwaka wa 2017 nilikuwa na miaka 17, kidato cha tatu. Jioni moja vijana wawili walinisimamisha kwenye njia ya mkato kutoka Gitanga Road kuingia Kawangware. Mmoja alikuwa na mguu wa kuku. (Ajabu ni kwamba jina hilo ni la wazee, na bado linatosha.) Aliniwekea hapa, chini ya sikio. Baridi yake naikumbuka kuliko uso wake. Walichukua simu ambayo mathe alikuwa ameilipia kidogo kidogo miezi minane, na viatu. Nilitembea hadi nyumbani na soksi. Baadaye mtu akaniambia siku hizo zilikuwa zinachongwa za mbao na kupakwa rangi, kwamba pengine nilitishwa na kipande cha kiti. Hilo liliniuma zaidi.

Miaka hiyo, kama ulikuwa Nairobi na una Facebook, unazijua zile kurasa za jina Hessy. Picha ya kijana inawekwa na onyo: acha wizi, tunakujua. Siku kadhaa baadaye picha nyingine ya huyo huyo, amelala chini na damu. Chini yake maelfu ya watu wanashangilia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikulazimishwa. Kila picha nilihisi ni kama kuna mtu ananirudishia viatu vyangu. Machi 31 mwaka huo huo video ya Eastleigh ilipotoka, polisi wa nguo za kiraia akiwapiga risasi vijana wawili ambao tayari walikuwa wamekamatwa, hadharani, mbele ya umati, tulibishana darasani na walioona ni sawa walikuwa wengi kuliko waliokataa. Mwalimu alikuwa upande wetu. Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti mwaka huo wakahesabu watu 803 waliouawa na polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Mtu akaniambia hiyo nambari, nikajibu, "Wangapi walikuwa wezi?" Nilidhani nimemshinda.

Halafu moja ya zile picha ikawa ya kijana niliyekaa naye dawati moja darasa la saba. Alikuwa anachora matatu nyuma ya vitabu vyangu vya hesabu, za 46, na grafiti yote, hadi jina la dereva. Nilimtambua baada ya kuwa nimeshatuma ile picha mbele, na maneno yangu juu yake.

Sitasema ati hapo niliokoka. Nilizima simu, nikajiambia pengine alikuwa amebadilika, na maisha yakaenda.

Kilichonibadilisha kabisa ni Juni 2024, na naona aibu kusema ilibidi mdomo wa bunduki ugeuke upande wangu kwanza. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, karo ilishinda mwaka wa pili, na kati ya vitu nilivyopoteza ni kitambulisho cha mwanafunzi. Usidharau hicho kikaratasi. Karao akikuuliza "unasoma wapi?", kitambulisho cha chuo ni kama leseni ya kuonekana mtoto wa mtu. Bila hicho, wewe ni kijana tu wa Kawangware amesimama kona ya Moi Avenue.

Juni 20, Rex Masai, miaka 29, alipigwa risasi pale tao wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha. Ilimpata pajani. Alivuja damu hadi akafa. Siku tano baadaye ndio Bunge lilivamiwa, na mimi nilikuwa Kenyatta Avenue nikiwa nimelala chini nyuma ya sanduku la maua na watu nisiowajua, tukisikia ile sauti kavu ambayo ukishaisikia hutaichanganya tena na fataki. Kufikia Julai 1 KNCHR ilikuwa imehesabu waliokufa 39 na waliojeruhiwa 361. Mtandaoni tulikuwa tunaandika acheni kutuua. Kati ya walioandika hivyo niliyaona majina ya wasee tulioshangilia nao zile picha za 2017. Jina langu lilikuwepo pia.

Tulichokuwa tunapinga 2024 ndicho tulichokuwa tunapigia makofi 2017. Askari asiye na jina, amefunika uso, hana namba, anaamua peke yake barabarani nani anaishi. Tofauti ilikuwa moja: 2017 alikuwa anaua vijana ambao tulikuwa tumekubali kwamba si sisi.

Na mzunguko haujaisha. Juni 17, 2025, muuza barakoa Boniface Kariuki alipigwa risasi kichwani kwa karibu hapo tao, mbele ya kamera, akafa baada ya wiki mbili hospitalini. Nchi ikalia. Juni 25 maduka ya tao yakavunjwa. Julai 7, Saba Saba, watu wengi zaidi wakauawa, na risasi zikafika hadi Kangemi. Siku mbili baadaye Rais akasema wanaoharibu biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, wapelekwe hospitali, kisha kortini. Nikafikiria paja la Rex Masai. Paja ni mguu.

Lakini nikaenda kumwona auntie mmoja anayeuza simu na chaja kwenye duka la pamoja pale tao, kibanda chake kilisafishwa Juni 25 hadi vishikio vya ukutani. Mkopo bado anaulipa. Nikamwuliza anaonaje hiyo ya mguu. "Wapigwe," akasema, bila kuinua kichwa. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Mimi siwezi kumchukia huyo mama. Ni mimi wa 2017 huyo, anatembea nyumbani na soksi. Na hapa ndipo nadhani wale wetu tunaojiita wanaharakati tunakosea. Tunamrushia katiba na nambari, tukidhani shida yake ni kutojua. Anajua vizuri sana. Alipiga simu kituoni ile siku, hakuna aliyekuja. Sasa amepewa chaguo la mikono miwili tu, wa mwizi na wa karao, na amechagua ule ambao bado haujamwibia. Ukitaka aache kusema "wapigwe", lazima kuwe na mkono wa tatu: askari anayekuja akiitwa, mwenye jina kifuani, na ambaye kila risasi aliyotoka nayo asubuhi inahesabiwa jioni.

Hicho si kitu cha kuota. Jedwali la Sita la Sheria ya Polisi ya 2011 linasema bunduki itumike pale njia nyingine zimeshindwa, askari ajitambulishe na atoe onyo kwanza, na mtu akifa IPOA ijulishwe mara moja. Kwa hivyo mimi, mtu akiniuliza kuhusu udhibiti wa silaha, nataka tuanze na hizo. Bastola za Lavington zihakikiwe, sawa. Za Baringo zikusanywe, sawa, ila ng'ombe walindwe kwanza. Lakini bunduki ambayo kijana wa miaka yangu ana nafasi kubwa ya kuiona ikimwelekea hapa mjini ni ile iliyonunuliwa na ushuru wa mathe wake, na hiyo hatuiiti silaha ndogo ndogo, hatuichomi Ngong, na mtu akiitaja anaambiwa anachukia polisi.

Kila mwaka, siku ile ile, Facebook huniletea kumbukumbu. Ule ukurasa ulishafungwa kitambo kwa hivyo picha haipo tena, kuna kisanduku cha kijivu tu kinachosema haipatikani. Juu yake maneno yangu yamebaki, na jina langu, na uso wangu wa kidato cha tatu: "Kazi safi afande." Watu kumi na mmoja walipenda. Wawili kati yao tulikuwa nao nyuma ya lile sanduku la maua Kenyatta Avenue, na mpaka leo hatujawahi kuizungumzia.